Kusi Ndani ya Kusini

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, jimbo la Kivu ya Kusini. Tangu shule ya msingi nimeliandika neno hilo, Kusini, juu ya karatasi za mitihani na fomu za kujiandikisha, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuuliza limetoka wapi. Kwetu kusini ni upande wa chini wa ramani, na kaskazini ni upande wa juu. Mtu akiona hajaeleweka, anageukia Kifaransa, anasema sud na nord, na mazungumzo yanaendelea.

Ukilichambua neno hilo kama tunavyofundishwa katika somo la mofolojia, linagawanyika mara mbili: kusi, na kiambishi -ni cha mahali. Nyumbani ni penye nyumba, mtoni ni penye mto, kusini ni penye kusi. Kaskazini ni vilevile, ni penye kaskazi. Sasa kusi na kaskazi si pande za dunia. Ni pepo mbili za Bahari ya Hindi zinazopokezana mwaka mzima, moja ikitoka kusini-mashariki, nyingine kaskazini-mashariki. Walioyatengeneza maneno haya walikuwa watu wa vyombo, nao waliutaja upande kwa upepo unaotokea huko. Kwa hiyo jimbo langu, lililo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, limebeba jina la upepo wa baharini.

Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu msamiati wa uvuvi. Mwanzoni nilitaka kubaki ziwani, kwa sababu wajomba zangu ni wavuvi wa Tanganyika na nimekulia kwenye nyavu zao. Lakini kila nilipofungua kamusi kutafuta neno la ziwani, nilikuta maana ya baharini. Nikaona ni lazima kwanza niione bahari, kisha nilinganishe. Nchi yetu ina bahari yake, kilomita 37 hivi za pwani upande wa Muanda, lakini huko Kiswahili siyo lugha ya wavuvi. Nikafunga safari upande wa pili: basi kutoka Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja. Nilikaa majuma manane katika kijiji cha wavuvi pwani ya mashariki ya kisiwa, kuanzia mwisho wa Februari hadi mwisho wa Aprili. Nilifika kaskazi ikielekea kwisha, nikaondoka kusi ikiwa imeshika.

Mwenyeji wangu alikuwa nahodha mzee, mwenye umri wa kama miaka sabini. Mimi nilianza kumwita Mzee, kama tunavyoheshimu kwetu. Wajukuu zake wakaniambia niseme Babu, nikasema Babu. Siku ya pili nilikaa naye chini ya mkungu, daftari mkononi, nikauliza swali langu la kwanza:

"Babu, kusi maana yake nini?"

Akafikiri kidogo. "Kusi? Kusi ni kuvuta chombo juu. Ni kukalafati, kupaka sifa, kusuka madema."

"Na kaskazi?"

"Kaskazi ni kwenda nje."

Niliandika majibu hayo nikidhani hajanielewa. Kamusi yangu inasema kusi ni upepo uvumao kutoka kusini. Yeye alinitajia kazi. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba alikuwa amenipa maana kamili kuliko ile ya kamusi, na tangu hapo naamini kwamba maneno ya majira ya baharini ni maagizo. Yanamwambia mtu aende wapi, lini, na kwa chombo gani. Ukiyaandika bila maagizo hayo, umeandika ganda.

Nieleze kwanza mahali penyewe, maana wengi wetu hatujapaona. Upande wa mashariki wa Unguja umezungukwa na mwamba mrefu wa matumbawe. Kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi. Watu huita ndani. Ng'ambo ya mwamba ni bahari kuu. Huko ni nje. Mwamba una mapengo machache, kila pengo huitwa mlango, na chombo hupita hapo tu. Basi Babu aliposema kwamba kaskazi ni kwenda nje, alikuwa ananipa agizo: majira haya, pita mlangoni.

Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi. Ni miezi ya joto, na maji huwa angavu. Ina siku zake kali, hasa Januari, lakini kwa ujumla ni upepo wa kutegemewa. Wavuvi huondoka alfajiri na umande, upepo mwanana unaotoka nchi kavu kuelekea baharini, na hurudi mchana na upepo wa baharini unaowasukuma nyumbani. Nje huko hufanya mambo mawili. Wanaotaka chewa na changu hutia nanga karibu na miamba na kushusha mshipi hadi chini. Wanaotaka nguru na kolekole hawatii nanga. Hupandisha tanga na kuuvuta mshipi nyuma ya ngalawa inayokwenda. Kitendo hicho kina kitenzi chake, kurambaza, ambacho sikuwahi kukisikia ziwani.

Majuma yangu ya kwanza yalikuwa ya namna hiyo. Ngalawa zilitoka gizani, mimi nikalala. Zilirudi mchana, nikawa pwani kuhesabu samaki na majina yao. Nilipopata ujasiri nikaomba kwenda. Babu hakunijibu ndiyo wala hapana. Aliuliza:

"Leo mwezi ngapi?"

Kwetu swali hilo lingejibiwa mwezi wa tatu, yaani Machi. Yeye alitaka siku ya mwezi wa angani. Mjukuu wake wa kike, wa miaka kumi hivi, akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni mwezi ishirini na tatu. "Basi kesho," Babu akasema. "Maji mafu."

Hapo ndipo nilipoingia katika kalenda ya pili ya kisiwa, ambayo haihusu upepo bali maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ni bamvua, na huko Unguja tofauti ya juu na chini hufika mita 3 hadi 4. Mwezi ukiwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana, kama mita 1 tu. Hayo ndiyo maji mafu. Maji mengi yakitembea, mkondo unakuwa mkali, na mshipi haukai chini: unachukuliwa, unalala, unanasa kwenye mwamba. Maji mafu mkondo unalegea, na mvuvi anajua ndoana yake iko wapi. Kwa hiyo wavuvi wa mshipi husubiri maji mafu.

Bamvua nayo ina watu wake, nao ni wavuvi wa miguu. Kwenye kisiwa hicho kilele cha kupwa siku za bamvua huangukia karibu saa nne na nusu au saa tano asubuhi, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Ukijua mwezi wa angani, umejua saa. Wanawake hawakuhitaji kutazama simu. Mwezi mosi, mwezi kumi na tano na siku mbili tatu zinazofuata, walikuwa wameshamaliza kazi za nyumbani na wako njiani kuelekea mwambani, viatu vya plastiki miguuni na fimbo ya chuma mkononi, kwenda kuchokoa pweza. Niliwafuata mara tatu. Pweza haonekani, kinachoonekana ni nyumba yake, tundu lenye maganda ya kombe yaliyotupwa mlangoni. Mama mmoja aliniambia, "Mtafute mchafu, mwanangu. Msafi haishi humo mtu." Dakika tisini hivi, maji yakaanza kurudi, na wote wakageuka pamoja bila mtu kutoa amri.

Pweza huishi kama mwaka mmoja tu na hukua haraka sana, na jike hufa baada ya kuangua mayai. Ndiyo maana katika baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba watu wamekubaliana kuifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, kisha kuifungua siku ya bamvua. Wanapofungua, wanakuta pweza wakubwa zaidi. Hilo nalo ni jambo la majira, lakini ni majira waliyojiwekea wenyewe.

Neno pwani limetokana na kitenzi hicho hicho, kupwa. Pwani ni mahali panapokauka maji yakiondoka. Na Kiswahili chenyewe kimepewa jina kutokana na neno la Kiarabu la pwani. Sisi wa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani tunazungumza lugha ambayo jina lake ni mahali tusipoishi.

Siku moja nilikwenda upande wa magharibi wa kisiwa, unaotazama Tanzania Bara. Huko nilikuta kazi ninayoifahamu. Usiku wa giza vyombo hutoka na taa, dagaa huukimbilia mwanga, na wavu huwazunguka. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa sababu mbalamwezi huishinda taa. Ziwani kwetu ni vivyo hivyo kwa ndagala: mjomba wangu hulala nyumbani siku za mwezi mkubwa, na huo ndio wakati wake wa kushona nyavu na kulipa madeni. Asubuhi dagaa wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi, kisha huanikwa juani. Mwanzo wa Aprili mvua za masika zilikuwa zimeanza, na wanawake waliokuwa wakianika walikimbia kufunika kila wingu lilipopita. Dagaa waliolowa hupoteza rangi, na bei hushuka. Nikauliza wanaouziwa ni nani. Mmoja akacheka: "Ni nyinyi! Magunia haya yanakwenda Kongo." Ni kweli. Dagaa hao wa chumvi tumewala, na kwetu havijulikani kaskazi wala masika. Inajulikana tu kwamba mwezi fulani bei imepanda.

Katikati ya Aprili upepo uligeuka. Siku kadhaa haukujua utoke wapi. Babu aliziita tanga mbili, yaani siku ambazo chombo kinaweza kwenda huku au kurudi kule. Kisha asubuhi moja niliamshwa na mngurumo. Mwamba ulikuwa umekuwa mstari mweupe wa povu kutoka upande mmoja wa upeo hadi mwingine, na mawimbi yaliupiga mchana na usiku. Mwani ulitupwa mchangani kwa mirundo. Ngalawa za wazee zilivutwa juu siku ileile, na Babu akatoa pamba na mafuta akaanza kukalafati. Alinitazama kwa pembe ya jicho kama anayesema: andika sasa.

Wale wasiovuta vyombo juu walikuwa vijana wenye boti za faiba na mashine. Siwalaumu. Mashine ni ya mkopo, na mkopo haujui kusi. Siku ya nne boti moja ilitoka ikiwa na watu wanne. Tangazo la hali ya hewa walikuwa wameliona kwenye simu: upepo mkali, mawimbi ya mita 2. Tangazo lilikuwa sahihi. Lakini siku ile ilikuwa mwezi kumi na sita, bamvua, na walifika mlangoni saa tatu asubuhi, maji yakitoka kwa nguvu zake zote. Kusi iliyasukuma mawimbi kuingia. Maji ya bamvua yaliyasukuma kutoka. Vitu viwili vikikutana katika pengo jembamba, wimbi haliwi tena mita 2: linainuka, linasimama, linavunjika. Boti iliinuliwa pua, ikapinduka. Mashua iliyokuwa ndani iliwafikia kwa kamba, wote wanne walitoka wazima, mmoja na mkono uliovunjika. Mashine na nyavu vilikwenda.

Jioni kijiji kizima kilikuwa barazani kwa yule aliyeumia. Baba yake hakupiga kelele. Alisema tu: "Mita mbili, mita mbili wapi? Kusi na maji ya kutoka havikutanishwi mlangoni. Hilo si la simu. Hilo tumelelewa nalo."

Nilizungumza na kijana yule siku chache baadaye. Ana umri wangu, miaka 24. Nikamwuliza kama alijua kwamba ni kusi.

"Kusi naijua, kaka," akanijibu. "Tumeisoma skuli. Upepo wa kusini."

Ilikuwa ni maana ile ile ya kamusi yangu, karibu neno kwa neno. Yeye kazaliwa hatua mia moja kutoka baharini na mimi nimezaliwa milimani kando ya ziwa, lakini tulikuwa tumefundishwa neno lile lile kwa namna ile ile, likiwa limeshatolewa kila kinachomfaa mvuvi. Hapo niliacha kufikiri kwamba wa pwani wana lugha na sisi wa bara tuna mabaki. Ganda tunalo sote. Tofauti ni kwamba yeye bado ana baba wa kumwambia kilichokuwa ndani.

Nilitumia siku zilizobaki kumwomba Babu anisimulie mwaka uliobaki, ambao nisingeuona. Alinieleza hivi. Kusi ikishika, nje hakuendeki kwa vyombo vidogo. Kazi inabaki ndani, kwa madema yanayotegwa penye majani ya bahari kwa ajili ya tasi, pono na changu. Asiyetaka kubaki anakwenda dago: wavuvi wanahamia kwa wiki au miezi upande mwingine wa kisiwa au kisiwa kingine, mahali ardhi inapoukinga upepo, wanajenga vibanda na kuvua huko. Juni hadi Agosti ni kipupwe, baridi na upepo mkali. Humo mna mvua nyepesi ziitwazo mchoo. Ni miezi ya kuheshimiwa. Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Mwezi ule Babu hakuhitaji kuutafuta. Alisema tu, "ilikuwa kusi," nasi tukanyamaza.

Kisha huja demani. Kwenye chombo, demani ni upande usiopigwa na upepo. Kwenye mwaka, ni ile miezi ya mwisho ya kusi, kuanzia Agosti au Septemba, upepo unapolegea kana kwamba mwaka wenyewe umegeuza ubavu. Hapo vyombo hushushwa, na wavuvi hufuata jodari nje ya mwamba kwa jarife na mishipi. Angalia ndege, alisema: wakizunguka na kuchupa mahali pamoja, chini yao kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna jodari. Usiingie katikati ya ndege, pita pembeni. Baadaye vuli, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, tanga mbili tena, na kaskazi inarudi.

Alinitajia pia hesabu ambayo baba yake aliitumia. Mwaka ulianza na Nairuzi, ile ambayo Makunduchi bado huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na siku zake 365 zilihesabiwa kumi kumi. Kila kumi ni mwongo. Nahodha aliulizwa mwongo wa ngapi, naye alijua upepo gani wa kutarajia. Sisi neno hilo tunalijua kutoka redioni, na maana yake ni miaka kumi. Baharini lilikuwa siku kumi. Neno limenenepa mara 365, na limeacha kumwambia mtu lolote kuhusu kesho yake.

Niliporudi Uvira, kabla ya kupanda tena Lubumbashi, nilimsomea mjomba wangu daftari langu. Alisikiliza kwa makini, akasimama kwenye neno kiangazi. Nilikuwa nimeandika kwamba Unguja kiangazi ni Desemba hadi Machi, miezi ya joto na bahari tulivu.

"Hapana," akasema. "Kiangazi ni mwezi wa sita mpaka wa nane. Na ziwa linakasirika."

Wote wawili wanasema kweli. Kiangazi ni wakati mvua zimekoma, na mvua hazikomi wakati mmoja kila mahali. Masika kwao ni Machi hadi Mei. Kwetu tunaita masika kipindi kizima cha mvua, tangu Septemba au Oktoba hadi Mei. Mvuvi wa Unguja akimwambia mvuvi wa Uvira kwamba kiangazi ni wakati mzuri wa kwenda mbali, amemwelekeza kwenye hatari kwa Kiswahili fasaha.

Kwa nini ziwa linakasirika mwezi wa saba? Kwa sababu kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya Tanganyika, na ziwa lina urefu wa kama kilomita 670, kutoka kusini kwenda kaskazini. Mawimbi yanapata njia ndefu ya kukua kabla ya kufika kwetu, kwenye ncha ya juu. Upepo huo ni sehemu ya mkondo uleule wa hewa ambao Babu anauita kusi. Mjomba haujui kwa jina hilo, lakini anaujua kwa kazi: miezi hiyo haendi katikati ya ziwa, anavua karibu na ufuko, na jua likikaribia kuchomoza anakuwa ameshageuza mtumbwi. Mwaka nilipokuwa darasa la tano, majirani wetu wawili hawakugeuza. Miili yao ilipatikana siku ya tatu. Hivyo naweza kusema kwamba jina la jimbo langu si ganda tupu. Kusi inafika Kivu ya Kusini. Ila imefika bila jina, na watu wanakufa ndani yake.

Katika kitivo chetu tuna mazoea ya kuuliza kama Kiswahili chetu ni sahihi, na jibu tunalitafuta mashariki. Kwa mambo ya sarufi huenda inafaa. Kwa mambo ya maji haifai, kwa sababu bahari haiwezi kusahihisha ziwa. Ziwa Tanganyika, Ziwa Kivu na sambaza wake, Mwero, Edwardi: kila moja lina pepo zake, usiku wake wa taa, miezi yake ya kutokwenda mbali, na watu wanaoyajua hayo kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru na lugha nyingine. Mjomba wangu ana miaka 61. Wanawe wawili ni madereva wa pikipiki. Sidhani nina muda mrefu.

Kwa hiyo nimebadilisha namna ya kuandika faharasa ya kazi yangu, na ninawaomba wenzangu wanaokwenda utafitini wakati wa likizo wajaribu vilevile. Msiulize tu neno fulani maana yake nini. Ulizeni: likifika, unafanya nini? Huachi kufanya nini? Huendi wapi? Kisha andikeni jibu kama lilivyo. Kwangu mimi vidahizo viwili vya kwanza vimekwisha, na viko hivi.

Kusi: upepo wa kusini-mashariki, Unguja, Aprili hadi Septemba. Vuta chombo juu, kalafati, suka madema, vua ndani au nenda dago. Siku za bamvua usipite mlangoni maji yakitoka.

Kiangazi: majira yasiyo na mvua. Unguja, Desemba hadi Machi, nenda nje. Uvira, mwezi wa sita hadi wa nane, vua karibu na ufuko, na uwe umerudi kabla jua halijachomoza.